Karama na Kura

Kanisani kwetu neno "karama" halitumiki ovyo. Mtume Paulo, alipowaandikia waumini wa Korintho waliokuwa wakigombea nani ana kipawa kikubwa zaidi, aliwafundisha kwamba mtu hapewi karama kwa faida yake mwenyewe, bali kwa faida ya mwili mzima. Na baada ya kuzitaja zote, akaweka upendo juu yake. Ndiyo maana mhubiri mgeni akisimama mimbarani na kutikisa kuta kwa sauti yake, wazee wetu hawana haraka ya kumsifu. Wanangoja. Wanataka kuona, mahubiri yakiisha na mgeni akishapanda gari, ni nini kimebaki: ndugu wamepatana? Deni limelipwa? Mlevi ameiacha chupa? Au ilikuwa ni sauti tu, imepita kama upepo juu ya migomba?

Mwanzoni mwa karne ya 20, mtaalamu mmoja wa Kijerumani, Max Weber, aliliazima neno hilo hilo la Kigiriki la Mtume Paulo akalitia katika elimu ya siasa. Alisema kuna viongozi wanaotiiwa kwa sababu ya desturi, wengine kwa sababu ya sheria, na wengine kwa sababu watu wanaamini kwamba wao si kama watu wengine. Hawa wa tatu ndio wenye karama. Akaongeza kwamba udhaifu wao huonekana pale inapoulizwa: akiondoka, je, kazi yake itasimama juu ya nini? Nilipoyasoma maneno ya msomi huyo nilicheka kidogo, maana wazee wa usharika wetu walikuwa wakiuliza swali hilo bila kwenda chuo kikuu.

Ndugu msomaji, nataka kueleza jinsi mizani hiyo ya wazee ilivyonifuata hadi kwenye kituo cha kupigia kura mwaka 1995, katika uchaguzi wetu wa kwanza wa vyama vingi tangu mfumo wa chama kimoja. Mimi ni Mlutheri wa Kilimanjaro. Mtu aliyekuwa akipimwa alikuwa mtoto wa nyumbani, Augustino Lyatonga Mrema. Sasa ni marehemu, alifariki Agosti 2022, na marehemu anastahili kusemwa kwa haki. Basi nianze na haki yake.

Wasiokuwapo miaka ile hawawezi kuelewa kiu tuliyokuwa nayo. Azimio la Arusha la mwaka 1967 lilikuwa limewafunga viongozi kwa miiko. Azimio la Zanzibar la mwaka 1991 likaifungua. Watu wadogo waliona wakubwa wakijenga majumba, huku hospitalini mgonjwa anaambiwa aje na glavu zake. Ukienda kituo cha polisi kushtaki, wewe mwenye shtaka ndiye unayetafutiwa kosa. Mwishoni mwa mwaka 1994 hata nchi wahisani zilizuia sehemu ya misaada yao kwa sababu ya kodi zisizokusanywa na misamaha ya kodi iliyotolewa kama karanga.

Ndani ya hali hiyo, Rais Ali Hassan Mwinyi alimteua Mrema kuwa Waziri wa Mambo ya Ndani mwaka 1990. Huyu hakuwa waziri wa kukaa ofisini na kusoma mafaili. Alitokea vituoni bila taarifa. Alihimiza wananchi kujenga vituo vya polisi kwa nguvu zao wenyewe, na akaupigia debe ulinzi wa sungusungu, ambao ulikuwa umeanzia Usukumani na Unyamwezini miaka ya 1980, hadi ukaingia mijini. Watu walipanga foleni kumweleza shida zao: mfanyakazi asiyelipwa, mke aliyepigwa, mnyonge aliyeporwa kiwanja. Naye aliamua papo hapo. "Siku saba" likawa neno la taifa. Mhusika alipewa siku saba awe amelipa, amerudisha au amejisalimisha. Watoto walicheza mchezo huo barabarani, mmoja akiwa Mrema, mwingine akiwa mla rushwa, na kila mtoto alitaka kuwa Mrema. Akapewa hata cheo cha Naibu Waziri Mkuu, ambacho ndani ya Katiba hakikutajwa.

Baadaye akahamishiwa Wizara ya Kazi na Maendeleo ya Vijana, na Februari 1995, baada ya kuituhumu serikali yake mwenyewe kwamba inawalinda wala rushwa, akaondolewa uwaziri. Akatoka CCM, akajiunga na NCCR-Mageuzi, na chama hicho kikamfanya mgombea wake wa urais. Tangu siku hiyo nchi haikulala. Kila alipokwenda, vijana walizima injini ya gari lake wakalisukuma kwa mikono, maili baada ya maili, wakiimba. Sijaona tena kitu kama kile.

Sasa nieleze shaka yangu ilitoka wapi, maana wengi walidhani ni wivu, au woga, au kwamba nimeahidiwa kitu.

Katika mtaa wetu alikuwapo mama mmoja mjane, mwimbaji wa kwaya. Mumewe alifariki mwaka 1987, na kabla ya arobaini shemeji zake walikwisha gawana kihamba chake, migomba na kahawa yote, wakamwachia chumba kimoja na jiko. Kwa miaka sita alibisha milango. Alikwenda kwa wakubwa wa ukoo, wakamwambia avumilie. Akaenda kwa balozi wa nyumba kumi, akamwandikia barua ya kwenda kwa mwingine. Wazee wa usharika walilisikiliza shauri lake mara tatu, na mara zote tatu lilifungwa kwa sala. Mwaka 1993 akaja ofisa mmoja wa serikali, kijana, aliyeiga mtindo wa Waziri hata namna ya kushika kalamu. Alimsikiliza mama yule robo saa, akawaita shemeji zake, akawapa siku saba. Siku ya tano walikuwa wamekwisha toka.

Mtaa mzima ulishangilia, na mimi nilishangilia. Lakini mwaka uliofuata ofisa yule alihamishwa. Hakukuwa na hukumu iliyoandikwa, hakukuwa na shahidi aliyeapishwa, wala hati. Kulikuwa na neno la mtu, na mtu ameondoka. Shemeji wale walirudi kabla mahindi hayajakomaa.

Nilimkuta mama huyo mwaka 1995 akiwa amebandika picha ya Mrema mlangoni. Nikamwuliza, "Mama, huoni kwamba amri ile haikudumu?"

Akanijibu bila kusita, "Mzee, kama huyu angekuwa Rais, yule kijana asingehamishwa."

Nikamwambia haki ya kudumu inatoka mahakamani, kwenye sheria.

Akasema, "Ninyi mliniombea. Yule kijana alinisikiliza. Mimi sisomi Katiba, mzee. Nampigia kura aliyenisikiliza."

Sikuwa na la kumjibu, na katika makala hii sitajifanya kwamba nilikuwa nalo. Lakini katika jibu lake la kwanza niliona jambo zima kama mtu anayeonyeshwa ugonjwa wake kwenye kioo. Amri ya mtu mmoja imeshindwa kudumu. Dawa inayotafutwa ni kumpa mtu huyo huyo amri kubwa zaidi. Na akifikia kiti cha juu kabisa, ambapo hakuna wa kumhamisha, nani atatulinda siku atakapomsikiliza shemeji badala ya mjane?

Nilirudi kwenye Biblia, si kutafuta mstari wa kumpiga mgombea, bali kutuliza moyo. Nikaangukia habari za Absalomu, mwana wa Daudi, katika Kitabu cha Pili cha Samweli. Tulipokuwa watoto wa shule ya Jumapili tulifundishwa habari za nywele zake na mti uliomnasa. Ukisoma ukiwa mtu mzima, unaona mengine. Unaona gari lake na watu hamsini wanaokimbia mbele yake. Unamwona akiamka alfajiri na kusimama kando ya lango, akimwita kila mwenye shauri, akimwuliza ametoka mji gani, akimwambia kwamba madai yake ni ya haki ila kwa mfalme hakuna wa kumsikiliza. Na laiti yeye angekuwa mwamuzi! Mtu akitaka kumsujudia, anamshika mkono na kumbusu. Hivyo, yasema Biblia, aliiba mioyo ya watu.

Wahubiri wengi huishia kumlaani Absalomu. Mimi nilisimama mahali pengine. Absalomu hakusema uongo kuhusu lango. Watu wale kweli walikuwa na mashauri, na hatusomi popote kwamba walisikilizwa kwa mfalme. Kama baraza la Daudi lingekuwa linafanya kazi yake, mwanawe angesimama langoni pale hadi jua likazama bila kumpata mtu. Alisema kweli kuhusu ugonjwa. Kosa lilikuwa katika dawa. Hakusema, "Tuweke waamuzi." Alisema, "Niwekeni mimi."

Nisieleweke vibaya. Mrema hakuwa Absalomu. Hakuasi, hakumwaga damu, alifuata njia ya kura kama sheria ilivyotaka. Ninalolinganisha ni sisi tuliokuwa langoni.

Wengine walijaribu kulifanya jambo lile kuwa la dini. Hilo lilikuwa jepesi kulijibu. Benjamin Mkapa wa CCM alikuwa Mkatoliki, na Mrema alikuwa Mkatoliki. Profesa Ibrahim Lipumba wa CUF alikuwa Mwislamu, mchumi aliyesema kwa takwimu. John Cheyo wa UDP alikuwa wa nne. Mkristo aliyetaka kuchagua kwa cheti cha ubatizo angebaki ameshika kalamu hewani. Na hata kama vyeti vingetofautiana, jirani zetu wa Zambia walikuwa wamekwisha anza kutufundisha. Oktoba 1991 walimchagua Frederick Chiluba, mtu mfupi wa umbo mwenye ulimi wa dhahabu, mlokole, kwa kiasi cha asilimia 76 ya kura. Desemba 29 ya mwaka huo huo aliitangaza nchi yake kuwa taifa la Kikristo. Makanisa mengi yaliimba. Mwaka 1996 Katiba ikabadilishwa kwa namna iliyomzuia Kenneth Kaunda asigombee tena, kwa sababu ya mahali walipozaliwa wazazi wake. Mwaka 2001, Chiluba alipotafutiwa kipindi cha tatu, waliosimama kumzuia walikuwa ni viongozi wa makanisa yale yale, pamoja na wanasheria na vyama vya wanawake. Naam, makanisa yalijifunza, lakini kwa ada ya miaka kumi.

Imani yangu ina fundisho ambalo watu wa siasa hawalipendi. Martin Luther alifundisha kwamba mwamini ni mwenye haki na mwenye dhambi kwa wakati mmoja, hadi kaburini. Ukilichukua neno hilo kwa uzito, huwezi kumkabidhi mtu yeyote nchi bila uzio, hata awe mwema namna gani. Hasa awe mwema, kwa sababu mwema ndiye tunayemwondolea uzio kwa hiari yetu. Mwovu tunamchunga wenyewe.

Mrema alipokuja Moshi nilikwenda kumsikiliza, maana si haki kumhukumu mtu kwa habari za kusimuliwa. Uwanja ulijaa hadi juu ya miti. Nilimsikiliza kwa makini, na nakiri alikuwa na kipawa: alizungumza Kiswahili cha mtu wa sokoni, aliyajua maumivu yetu kwa majina, na mtu wa nyuma kabisa alihisi anaambiwa yeye peke yake. Nilikwenda na maswali matatu niliyoyaandika kwenye karatasi. La kwanza: je, mtu huyu anakubali kupingwa na walio upande wake? La pili: atakayoyafanya, atayafanya kwa chombo gani, kwa mahakama, kwa Bunge, au kwa mkono wake? La tatu: akiondoka, ni nini kitabaki? Nilitoka na karatasi tupu. Nilisikia mengi juu ya nani atakamatwa, machache sana juu ya nani atahukumu. Na ilikuwa mwaka 1984 tu ambapo haki za raia ziliingizwa ndani ya Katiba yetu, na mwaka 1988 ndipo mahakama zikaanza kuzisimamia. Mche ule ulikuwa mchanga. Sikutaka kuona mtu akiukanyaga, hata kama anakimbilia kumkamata mwizi.

Nyumbani hapakukalika. Kumkataa mtoto wa nyumbani kulihesabiwa kama kumkana mama. Shemeji yangu, ndugu wa mke wangu, alikuja jioni moja tukaketi nje.

"Shemeji," akasema, "maji yakifika mlangoni mwako baada ya kiangazi, unauliza yametoka mto gani?"

"Nauliza, shemeji, kama ni ya kunywa."

Hakucheka. Alikaa karibu miaka miwili bila kunywa chai kwangu, na katika ukoo wetu hilo si jambo dogo. Sokoni nilibandikwa jina la CCM, ingawa kadi yake nilikuwa nimeiacha kabatini muda mrefu. Hilo lilinifundisha dalili moja ya karama iliyovuka mpaka wake: swali linageuka kuwa usaliti. Mhubiri wa kweli hakasiriki ukimwuliza alipoisoma habari yake.

Lakini upande wa pili nao haukuniachia nafasi ya kupumzika. Mkapa hakuwa mtu wa kuvuta umati. Katika mkutano mkuu wa CCM mjini Dodoma, Julai 1995, alimshinda Jakaya Kikwete katika duru ya pili kwa kura 686 dhidi ya 639, baada ya Kikwete kuongoza duru ya kwanza. Ni nani basi aliyemtembeza nchi nzima? Mwalimu Julius Nyerere. Mwalimu alikuwa amekwisha sema mwaka ule kwamba Ikulu ni mahali patakatifu. Akafunga safari, akapanda majukwaa, akatupima na kutucheka na kutufundisha kama darasa la nne. Wazee wenzangu waliojisifu kwamba wao hawafuati mvuto wa mtu, wanafuata hoja, nikawauliza: "Hoja hiyo umeisikia kwa nani?" Wakajibu: "Kwa Mwalimu." Basi ilikuwa karama ya mzee dhidi ya karama ya mdogo wake, na waliojiona wenye busara nao walikuwa wakilisukuma gari, ila gari lao lilikuwa la zamani zaidi. Shaka inayomchunguza mgombea mmoja tu si shaka. Ni ushabiki uliovaa joho.

Jumapili ya Oktoba 29, 1995, tulipanga foleni mapema. Tulipewa karatasi mbili, moja ya Rais na moja ya Mbunge. Nilikuwa nimefikiri kwa miezi. Kura ya urais sikumpa Mrema. Kura ya ubunge nilimpa mgombea wa chama chake. Shemeji yangu alipoijua habari hiyo miaka mingi baadaye alisema nilikuwa kama mtu anayevaa kiatu kimoja. Labda. Lakini sababu yangu ilikuwa hii: mjane alihitaji mtu wa kupiga kelele kwa niaba yake, na kelele mahali pake ni Bungeni, ambako mwingine anaweza kusimama na kujibu. Sikutaka kelele hiyo ipelekwe mahali ambapo ikishaingia, hakuna wa kuijibu.

Matokeo yanajulikana. Mkapa alipata asilimia 61.8, Mrema 27.8, Lipumba 6.4 na Cheyo karibu 4. Kilimanjaro ilikuwa ya Mrema. Uchaguzi wenyewe haukuwa wa kujivunia: Dar es Salaam vifaa vilichelewa na vituo vikavurugika, hata kura katika majimbo yote saba zikafutwa na kurudiwa Novemba 19. Waliokuwa wamempenda Mrema walikuwa na sababu ya kunung'unika, na walionyamaza kwa kuwa upande wao umeshinda hawakuonyesha uchaji wowote wa Mungu.

Sasa twende kwenye mizani ya wazee. Nini kilibaki?

Mrema aliingia Bungeni mwaka 1996 kwa uchaguzi mdogo wa Temeke. Lakini ndani ya NCCR-Mageuzi ugomvi wa uongozi, yeye upande mmoja na Mabere Marando upande wa pili, uliendelea hadi mwaka 1999 alipohamia TLP. Chama kilichokuwa kimeshinda majimbo 16 mwaka 1995 kiliambulia jimbo moja mwaka 2000. Yeye mwenyewe alipata asilimia 7.8 ya kura za urais mwaka huo, na mwaka 2005 hakufikia hata asilimia moja. Umati uliosukuma gari haukuwa umejenga matawi, wala mfuko, wala desturi ya kutatua ugomvi. Ngoma ivumayo haikawii kupasuka, na walioicheza walitawanyika. Baadaye alirudi Bungeni kwa jimbo la Vunjo, toka mwaka 2010 hadi 2015, na mwaka 2016 akapewa uenyekiti wa Bodi ya Taifa ya Parole. Waziri aliyejulikana kwa kuwakamata watu alimalizia utumishi wake akishughulika na wafungwa wanaostahili kutoka. Katika hilo naona rehema.

Hata hivyo si kweli kwamba hakuna kilichobaki. Mapema mwaka 1996 Rais Mkapa aliunda Tume ya Jaji Joseph Warioba kuchunguza rushwa, na mwishoni mwa mwaka ikatoa taarifa iliyosema wazi yale ambayo Mrema alikuwa akiyapigia kelele majukwaani. Siamini kwamba tume hiyo ingeundwa upesi vile kama mtu yule asingetikisa nchi. Kilichobaki cha karama yake ni kile kilichoingia katika karatasi, kikapewa ushahidi, kikawa mali ya wote. Yaliyobaki kichwani mwa washabiki yalikwenda na upepo.

Na mshindi naye apimwe. Januari 2001, chini ya Mkapa, askari waliwapiga risasi waandamanaji wa CUF huko Zanzibar, watu wakafa na wengine wakakimbilia Kenya. Mkapa, ambaye alifariki Julai 2020, aliandika katika kitabu cha maisha yake, kilichotoka mwaka 2019, kwamba tukio lile lilibaki kuwa doa katika utawala wake. Mtu asiye na mvuto naye ana mkono, na mkono huo nao unahitaji uzio.

Nilidhani taifa limekwisha soma somo hilo. Lakini baada ya uchaguzi wa mwaka 2015 nilisikia tena sauti ile ile. John Magufuli aliwasimamisha kazi watendaji hadharani, umati ukishangilia, na watu wakasema, "Huyu ndiye tuliyekuwa tukimngoja." Kanisani kwetu waliokuwa watoto mwaka 1995 walikuwa sasa wazazi. Niliwauliza maswali matatu yale yale. Wengine walikasirika kama walivyokasirika baba zao.

Na yule mama? Shauri lake lilikwenda mahakamani. Safari hii watu wa usharika walichanga nauli, na mwanasheria mmoja kijana alijitolea kumwandikia hati. Ilichukua miaka. Mwaka 2001 alipata hukumu yenye muhuri, na ile haikuhama na ofisa yeyote. Alipoipokea hakusema kwamba nilikuwa sahihi, na mimi sikumwuliza. Picha ya Mrema aliiacha mlangoni. Nadhani alikuwa na haki ya kuiacha.

Basi, ndugu msomaji, shaka ya mwamini mbele ya mgombea mwenye mvuto isiwe kiburi cha kukaa pembeni na kutikisa kichwa. Shaka isiyoambatana na kazi ni uvivu tu. Ukimwambia mnyonge asimfuate aliyesimama langoni, unawiwa kumfungulia lango: umchangie nauli ya mahakamani, umtafutie mwandishi, uketi naye siku ya shauri. Chema chajiuza, kibaya chajitembeza, walisema wahenga. Lakini katika uchaguzi wema na wabaya wote hujitembeza, na mnunuzi mwenye njaa hana muda wa kupima. Kazi ya waumini, kabla kampeni hazijaanza na baada ya bendera kushushwa, ni kupunguza njaa hiyo ya kusikilizwa. Palipo na baraza linalosikiliza, mtu mwenye karama atakuja kama mtumishi miongoni mwa watumishi. Pasipo na baraza hilo atakuja kama mwokozi, na kwa sisi tulio na Mwokozi tayari, nafasi hiyo ilikwisha jazwa zamani.